Nuru Iangukapo: Habari za Mwenda kwa Miguu Usiku katika Mji wa Lubumbashi

Kwa miaka mingi, katika mji ulioitwa Élisabethville kabla haujaitwa Lubumbashi, njia iliyotumiwa kumwepusha Mwafrika na magari ya usiku ilikuwa nyepesi kuliko zote: alikatazwa asionekane barabarani. Tangu saa tatu usiku hata karibu na alfajiri, mtu mweusi aliyekutwa katika mitaa ya Wazungu bila cheti cha ruhusa kutoka kwa bwana wake alikuwa na kesi ya kujibu. Na ijapokuwa amri hiyo haikutungwa kwa ajili ya motokaa, bali ilitokana na hofu na ile itikadi ya kutenga watu kwa rangi zao, athari yake mojawapo ilikuwa kwamba barabara za mji, giza likiisha kutanda, ziligeuka kuwa milki ya mwenye gari peke yake, na dereva akazoea tangu zama za mwanzo kudhani kwamba mbele ya taa zake hapana kiumbe. Dhana hiyo naihesabu kuwa ndiyo asili ya habari ninayotaka kuieleza, kwa maana amri ilifutwa, bendera zikabadilika, mji ukapata jina jingine, lakini dhana ingali hai katika nguzo za taa, katika mitaro, na hata katika vioo vya taa za magari.

Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1910, reli ya kutoka Rhodesia ilipowasili, na mwaka uliofuata tanuru ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi, pale ambapo bomba refu la moshi na kilima cheusi cha taka za madini ni alama ya mji hata leo. Ramani iliyochorwa katika enzi ya makamu wa gavana Emile Wangermée ilifuata mtindo wa miji ya kusini mwa Afrika: njia pana, zilizonyooka kama uzi wa mwashi, zikikatana kwa pembe za mraba. Njia iliyonyooka ni nzuri kwa macho, tena jakaranda zikichanua huku na huku mwenye moyo mgumu hulainika. Lakini njia iliyonyooka humwita dereva akanyage mafuta, na jakaranda iliyotanda matawi yake mbele ya taa ya barabarani huila nuru kabla haijafika chini.

Mwaka 1921 wenye mamlaka waliwahamishia Waafrika katika mtaa mpya, ulioitwa kwa jina la mfalme Albert na ambao leo twaujua kwa jina la Kamalondo, na baina yake na mji wa Wazungu ukaachwa uwanda mtupu usiojengwa nyumba. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu achukuaye malaria, walisema mabwana wa tiba, hawezi kuruka masafa yale. Mbu wa Katanga, kwa mujibu wa hoja hiyo, alikuwa na adabu ya kuheshimu mipaka. Kilichofuata si mbu bali ni miguu, kwani mpishi, dobi, mlinzi, mwoka mikate na mtunza bustani, wote wanaohitajika kabla jua halijachomoza na baada ya kuchwa, walilazimika kuuvuka uwanda ule wenye giza mara mbili kila siku ya Mungu. Hivyo serikali iliyowakataza watu kutembea usiku ndiyo iliyoujenga mji kwa namna ambayo watu hawakuwa na budi kutembea usiku. Mji ulipozidi kukua masafa yakazidi nayo. Ukaja mtaa wa Kenya, na katika miaka ya 1950 zikaja Katuba na Ruashi, mbali zaidi na meza za mabwana. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani kilitoa kijitabu cha historia ya mji huu, kilichoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha huku kwetu, nacho ni hazina kwa mtu atakaye kuijua Élisabethville kwa kumbukumbu za wale walioizunguka kwa nyayo zao, wala si kwa picha zilizopigwa kutoka barazani.

Juu ya nuru, yafaa kukumbuka kwamba nchi hii haikuwa maskini wa umeme. Mwaka 1930 mitambo ya Mwadingusha, katika maporomoko ya mto Lufira, ilianza kuzalisha umeme, na nyuma ya boma lake likatanda ziwa la Tshangalele. Ikafuata Koni, kisha Nzilo na Nseke katika mto Lualaba. Lakini umeme huo ulizaliwa na mwajiri wake tayari. Ulikwenda kwenye tanuru, kwenye vinu na kwenye mashine za kuvuta maji migodini, na makombo yake yakaziangaza njia za katikati ya mji. Shaba iliyotoka hapa ikavutwa kuwa nyaya, nyaya zikaenda kuwasha taa za barabarani katika miji ambayo mchimbaji wake hakupata kuisikia hata kwa jina, naye akarudi zamu ya usiku akipapasa ukuta.

Hapa naomba idhini ya msomaji nisimame kidogo juu ya kitu ambacho wengi wetu tumekitazama kila usiku bila kukifahamu, yaani taa ya mbele ya gari, kwa sababu ndani yake imefichwa nusu ya habari hii. Taa za magari ya kwanza ziliwaka kwa gesi ya asetilini, iliyopatikana kwa kudondosha maji juu ya mawe ya kabidi, kwa namna ile ile ya taa walizovaa wachimba madini vipajini mwao. Zikaja taa za umeme, zikazidi ukali mwaka hata mwaka, mpaka dereva aliyekabiliwa nazo akawa kipofu wa muda. Dawa ya kwanza ilikuwa kuziinamisha sawasawa, kulia na kushoto. Dereva wa mbele akapona, lakini mtu aendaye pembeni kwa miguu akamezwa na giza. Ndipo mwaka 1957 Ulaya ilipoukubali mtindo mpya, kwamba mwanga wa taa iliyoinamishwa ukatwe mshazari: upande unaokabili gari lijalo ubaki chini, na upande wa ukingo wa barabara uinuke na kwenda mbali, ili mtembezi na mpanda baiskeli waonekane mapema. Katika ufundi wa motokaa, ambao kwa desturi humfikiria aliyemo ndani, huu ni mmojawapo wa michache iliyomkumbuka aliye nje. Nataka jambo hili likae moyoni mwa msomaji, maana tutalirudia Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, na baada yake misukosuko ya kujitenga kwa Katanga, amri za kutembea kwa vyeti zikaondoka pamoja na watungaji wake, na mwaka 1966 mji ukaitwa kwa jina la mto wake. Mtu akawa huru kutembea saa atakayo. Sheria mpya ya barabara ilitoka tarehe 30 Agosti 1978, mwaka ule ule wa vita vya Kolwezi, ikafuata mwenendo wa mataifa, nao mwenendo huo, kama ulivyowekwa katika mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, humwusia mwenda kwa miguu asiye na njia yake mwenyewe ashike upande wa barabara unaomkabilisha na magari yajayo, ayaone kabla hayajamfikia. Ni wosia wa busara, lakini una sharti lisilotajwa, nalo ni kwamba dereva naye awe amemwona.

Ama nuru, haikuongezeka kwa kadiri ya uhuru. Shirika la umeme la taifa, SNEL, lililoundwa mwaka 1970, lilirithi nyaya nyingi na nguzo nyingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukakamilika ule uti wa umeme wa kilomita zaidi ya 1,700 kutoka mitambo ya umeme ya Inga hata Kolwezi, ambao uliruka juu ya vijiji visivyohesabika bila kushuka hata mara moja kuviwashia kibatari, kwa kuwa safari yake ilikuwa ya migodini. Mashirika yakadhoofika, mwaka 1991 uporaji ukaikumba miji yetu, na miaka ya njaa iliyofuata ikawafundisha watu kwamba waya wa shaba una bei sokoni. Nguzo zikabaki zimesimama bila taa, kama walinzi waliosahauliwa kuambiwa kwamba zamu imekwisha. Hata leo, kwa sababu ya mgao wa umeme, au delestaji kama tuiitavyo hapa, mtu huweza kuondoka katikati ya mji penye nuru akaingia mtaa wa Kenya penye giza, na usiku unaofuata akakuta mambo yamepinduka. Zimewekwa taa za nguvu za jua katika njia kadhaa, nazo ni neema kwa muda betri zake zidumupo mahali pake.

Sasa twende Kasumbalesa, kadiri ya kilomita 90 kusini-mashariki, mahali ambapo kila dereva hufanya tendo dogo lenye hatari kubwa: hubadili upande. Zambia, kama Tanzania na Kenya, hushika kushoto. Kongo hushika kulia. Tangu biashara ya magari yaliyokwisha kutumika iliposhamiri, Katanga imejaa magari yaliyotoka Japani, nchi inayoshika kushoto nayo, yakashushwa Dar es Salaam au Durban, yakapita Zambia na kuingia kwetu na sukani mkono wa kuume. Mabishano yote juu ya magari hayo yamehusu sukani: kwamba dereva hawezi kuona mbele anapotaka kupita lori, na kwamba abiria wa basi hushukia katikati ya barabara badala ya pembeni, hoja ambazo ni za kweli. Juu ya taa sijasikia watu wakisema sana, na taa ndizo ninazozilalamikia mimi.

Taa iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya ukingo wa kushoto haijui kwamba imevuka mpaka. Ule mwanga wa mshazari, uliobuniwa kwa makusudi ya kumtafuta mtu wa pembeni, huendelea kuinuka kuelekea kushoto. Na kwa kuwa huku gari hushika kulia, kushoto kwake ni katikati ya barabara, machoni mwa dereva ajaye. Ukingo wa kulia, wanakopita watu, huachiwa ule mwanga mfupi uliotengwa kwa ajili ya kuwasitiri wengine. Madhara ni mawili kwa mpigo mmoja: dereva mwenye gari hilo hamwoni mtembezi aliye upande wake, na dereva anayekabiliana naye, akiisha kupofushwa, hamwoni mtembezi aliye upande wake vile vile. Zipo taa zenye kijiti cha kugeuzia mwanga, lakini nyingi hudai kubadilishwa taa nzima, gharama ambayo mwenye teksi, akiwa ana deni la mafuta na deni la magurudumu, huona ni anasa. Basi chombo kilichokuwa rafiki wa mtembezi katika nchi moja huwa adui yake katika nchi ya pili, pasipo mtu yeyote kukusudia uovu.

Ili jambo hili lisionekane kuwa ni falsafa tupu, tulipime kwa mita. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, mbele ya taa zilizoinamishwa, huonekana kwa umbali wa kadiri ya mita 30. Gari liendalo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila nukta moja, na dereva mwangalifu, mwenye breki njema, juu ya lami kavu, huhitaji kadiri ya mita 40 kulisimamisha. Msomaji anaweza kutoa hesabu mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2018, lilionyesha kwamba barani Afrika watu 44 katika kila 100 wanaouawa na ajali za barabarani ni waendao kwa miguu na wapanda baiskeli, sehemu kubwa kuliko ya bara lolote jingine.

Madereva wa mji huu, nikizungumza nao, huuliza kwa ghadhabu kwa nini watu hawakai pembeni. Swali hilo linastahili jibu, na jibu hupatikana kwa kuegesha gari na kutembea, tuseme katika barabara ya Kasenga mwezi wa Juni, jua linapozama kabla ya saa kumi na mbili jioni, wakati maofisi na maduka yanapofunga na umati unaelekea Ruashi. Pembeni pana mtaro, na kifuniko cha mtaro, kama kilikuwapo, kimekwisha kuchukuliwa. Baada ya mtaro pana meza za wauzaji, kila mmoja na taa yake ndogo, na mbele yao pikipiki za wale vijana tuwaitao manseba zimejipanga zikingoja abiria. Baada ya hapo, penye ukuta mrefu usio na mlango, pana giza ambalo mwanamke mwenye mkoba hulikwepa kwa sababu anazozijua vema. Mahali peupe, pasawa, penye watu na pasipo shimo, ni pamoja tu, napo ni juu ya lami. Mtembezi huchagua baina ya mtaro, mwizi na gari. Na gari, angalau, hupiga honi. Simu za mkononi zimemwongezea kurunzi, naye huimulikia miguu yake, kwa hiyo huliona shimo, ilhali dereva aliye mbali huona nukta ndogo inayoning'inia hewani, asijue kama ni mtu, ni baiskeli, au ni mwuza karanga.

Nje ya mji hali huwa na ukali wa namna nyingine. Malori yaliyobeba shaba kuelekea mpakani huharibika usiku katikati ya njia, na utingo, kwa kukosa pembetatu ya kung'aa, hukata matawi ya miti akayatandaza barabarani nyuma ya lori, kila baada ya hatua kadhaa, kama ishara. Desturi hii imeenea nchi nyingi za jirani, nami sitaidharau, kwa kuwa imeokoa roho. Lakini matawi yakiisha kukauka huachwa pale pale, lori likaondoka, na mpanda baiskeli anayekuja kabla ya alfajiri akayakwepa kwa kuingia katikati.

Wapo waliotafuta dawa. Mjini Kinshasa, mwaka 2013, wahandisi walioongozwa na Thérèse Izay Kirongozi walisimamisha katika njia panda mashine zenye umbo la mtu, zilizotumia nguvu za jua, zikizungusha mikono na kuwasha taa ili kuyazuia magari na kuwapisha wanaovuka. Dunia ilishangaa, na ilistahili kushangaa. Hata hivyo mashine ya njia panda humfaa avukaye penye njia panda. Aendaye kilomita tano kwa mstari mmoja hana nafasi katika ratiba yake.

Dawa nyingine ilitoka mbali, Finland, nchi ambayo wakati wa kipupwe giza huingia alasiri. Huko fundi mmoja wa vitu vya plastiki, Arvi Lehti, alibuni kipande cha kuakisi nuru kwa ajili ya kulinda mikokoteni ya farasi, na katika miaka ya 1960 kikaanza kuning'inizwa katika makoti ya watu. Siri yake ni kwamba hakitawanyi nuru ovyo bali huirudisha kule kule ilikotoka, kwa hiyo dereva, ambaye macho yake yako karibu na taa zake, hukiona kikiwaka tangu mita 130 na zaidi, hata kama mwanga uliokifikia ni hafifu. Sheria ya Finland humtaka mwenda kwa miguu akivae gizani. Nakubali kwamba ni kitu cha thamani kuliko bei yake, ila nashindwa kuipenda moja kwa moja fikira ya kumwambia mtu aliyenyimwa njia ya pembeni, akanyimwa taa ya barabarani, kwamba sasa anunue mwenyewe nuru ya kumwombea uhai wake kwa dereva. Njia ya miguu iliyoinuliwa na mtaro wenye kifuniko ningevitanguliza mbele ya vyote.

Lakini tazama ni nani anayeng'aa Lubumbashi usiku. Ni mfanyakazi wa mgodini. Makampuni ya madini hayamruhusu mtu kuingia kazini bila kizibao, au gile kama tusemavyo huku, chenye kanda za kuakisi, kwa kuwa ndani ya uzio wa mgodi malori ni makubwa kama nyumba, na kumponda mtu huleta maswali. Baada ya zamu mfanyakazi huteremka katika basi akiwa bado amekivaa, naye hutembea hadi kwake Katuba akiwaka kama kimulimuli, akiwa amezungukwa na majirani wasioonekana. Vizibao vilivyochakaa nimeviona vikiuzwa sokoni pamoja na mitumba.

Asubuhi moja, nyota zikiwa bado mbinguni, nilikuwa nikiingia mjini kwa barabara ya Kasenga nikawakuta wachukuzi wa makala, neno ambalo kwa wenzetu wa pwani ni maandishi kama haya, na kwetu Katanga ni makaa. Walikuwa wakisukuma baiskeli zao, au kinga kama tusemavyo huku, kila moja na magunia yaliyompita msukumaji kimo, wakiwa wametembea usiku kucha kutoka porini ili wawahi soko. Magunia meusi, nguo nyeusi, lami nyeusi. Katika msafara mzima mmoja tu ndiye aliyeonekana kutoka mbali: alikuwa amefunga nyuma ya magunia utepe wa fedha uliokatwa kutoka katika kizibao. Niliposimamisha gari na kumwuliza alikoupata, alijibu bila kuacha kusukuma.

"Ni ya mudogo yangu, papa. Kazi ilisha, gile ikabakia."

Wenzake walikuwa wamejipanga mbele yake, si nyuma, na nilipouliza sababu walicheka. Gari lilikuja nyuma yetu, mwanga wake ukapanda kushoto na kupotea juu ya paa za maduka yaliyofungwa. Kulia utepe ukawaka, gari likapunguza mwendo, likapita. Walisukuma tena wakielekea soko la Kenya, yule wa utepe akiwa wa mwisho.